Ukurasa wa Pili wa Fomu

Kambini, 9 Februari

Mdogo wangu wa pekee,

Salamu nyingi kama kokoto za hapa kambini, na kokoto za hapa nakuapia hakuna aliyewahi kuzihesabu akamaliza. Mimi mzima, nakula, nalala, nanenepa. Mkanda nimeutoboa tundu jingine kwa msumari. Barua yako ya Januari nimeipata Alhamisi gari la vyakula lilipofika, na nimeisoma mara tatu nikiwa nimekaa juu ya bomba la inchi ishirini na nne ambalo nimelilaza mimi mwenyewe, kwa mikono hii hii iliyokuwa ikikubeba mgongoni.

Kazi inakwenda. Kituo cha kusukumia maji kinapanda, na mhandisi hathubutu kufunga koki hata moja kabla hajaniuliza. Huku naitwa Profesa. Sikuomba jina hilo, wamenipa wenyewe. Kila mtambo unapokuja na kijitabu chake cha lugha ya kigeni naitwa mimi nikisome mbele ya watu, nakifungua, nakohoa kidogo, naeleza, na mtambo unawaka. Mwenzangu wa chumbani ni dereva wa greda, tunamwita Trekta. Usidhani ni kwa sababu ya kazi yake, ni kwa jinsi anavyokoroma.

Sasa nije kwenye lako. Unasema daktari wa watoto amempima mpwa wangu Chiriku, akaona kinachomfanya aheme kwa ngazi tatu tu ni mshipa karibu na moyo. Kwa watoto wengine mshipa huo hujifunga wenyewe wakishazaliwa, wa kwake umegoma, na sasa ana miaka mitano na uzito wa mtoto wa mitatu. Kifua hawatampasua. Watapitisha mrija mwembamba kutoka kwenye paja, upite hadi moyoni, uache kizibo panapovuja, kisha utoke. Na umepewa fomu ya kurasa mbili ya lugha ya kigeni uweke sahihi, daktari kakueleza mbio mbio huku anaitwa kwingine, ndipo ukatoa kopi ukanitumia nikusomee.

Umefanya la maana. Hiyo, mdogo wangu, ni kazi ya bomba! Mimi nilizibua bomba la hoteli ya ghorofa kumi na nne kwa kuingilia jikoni, wageni wanaoga juu, na hakuna aliyejua kama kuna fundi ndani. Madaktari wameiga kwetu, wakabadilisha sare tu. Fomu nimeisoma. Ukurasa wa kwanza unaeleza kazi yenyewe, na kuna mchoro wa moyo na mrija unavyopita, mchoro safi kabisa. Wa pili ni maneno ya kujikinga, kama yale ya nyuma ya risiti ya dukani. Kila fundi huyaandika asije akalaumiwa. Yasikuumize kichwa.

Atatoka amechoka. Pengine atatapika. Na mguu ule walioingilia utapoa kidogo, usishtuke. Bomba ukilifungia maji kwa muda linakuwa baridi mpaka maji yarudi. Mvishe soksi, mfunike, tulia.

Weka sahihi. Mwambie Chiriku mjomba kasema akitoka hapo atapanda ngazi za jengo zima na kushuka akiimba.

Kaka yako,
Profesa wa Mabomba


Nyumbani, 3 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Sisi wazima kiasi. Barua yako imefika na Chiriku kalala nayo mkononi. Huku mambo ni yale yale, nashona sare za shule, kola na vifungo, kola na vifungo, mpaka nikifumba macho naona vifungo. Jirani wa mlango wa pili amehama na watoto wake wote. Upande wetu wa korido tumebaki wawili tu, na kumekuwa kimya hata cherehani inasikika kama inagombana na mtu. Chiriku anaongea nayo. Nikienda kuchota maji namsikia anaiambia, "Subiri, mama anakuja, usilie."

Tangu marehemu baba yake aondoke sijawahi kuamua jambo kubwa kama hili. Nimeweka sahihi. Wamempangia tarehe ishirini mwezi huu. Nesi alinionyesha pa kuandika jina langu na chini yake pa shahidi, akauliza shahidi yuko wapi. Nikamwambia yuko safarini. Akaandika jina lake yeye.

Kaka, nina swali moja, usikasirike. Ule ukurasa wa pili una mistari kumi na minne, nimeihesabu, na kila mstari una kisanduku chake kidogo mwanzoni. Risiti ya dukani haina hivyo. Uliisoma yote?

Na kama ungeweza kupata hata siku tatu. Hakuna kazi ya kufanya, ni kukaa tu.

Chiriku anauliza mjomba ana sura gani, maana ulipoondoka alikuwa hata hajaanza kuongea. Nimemwambia ana sura kama yangu, ila yake inaongea zaidi.

Mdogo wako


Kambini, 17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba sana, na Chiriku mpe shikamoo yangu, huyo ni mkubwa wangu kwa maneno. Nilitaka kukujibu kwa gari lile lile lililoleta barua yako, lakini kazi zilinibana, mara koki hii, mara gasketi ile. Trekta amekwenda likizo kwa mkewe na chumba kimekuwa kikubwa ghafla. Mtu unaweza kulala ukamkosa hata mkoromaji.

Kuhusu kuja, niliomba. Mhandisi karibu apige magoti. "Profesa," ananiambia, "ukiondoka wewe na maji yanaondoka." Ningefanyaje?

Ukurasa wa pili nimeusoma wote, juu mpaka chini. Visanduku hivyo ni vya makarani, makarani wanapenda visanduku kuliko wake zao.

Barua hii itakufikia tarehe ishirini imeshapita. Nakuona hapo unaisoma huku mwenyewe anakukatiza kila mstari. Niandikie upesi. Si kwamba nina wasiwasi.

Kaka yako


Kambini, 14 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itawakuta wazima. Mimi mzima.

Gari lilikuja tarehe tatu. Anayegawa barua ni mpishi, anapanda juu ya gunia la mchele na kuita majina kama anauza mnadani. Akaita wote, akanitazama, akasema, "Profesa, leo huna!" Nikamjibu, "Watu wenye mambo mengi huandika kwa nafasi, wewe unaandikiwa kila gari kwa sababu kwenu hawana kazi." Watu wakacheka, nami nikacheka kuwapita. Kisha nikaenda kukagua koki ambazo asubuhi nilikuwa nimeshazikagua.

Trekta amerudi. Kaleta picha ya mkewe kaigundisha ukutani, kichwa changu kikiwa upande huu yeye ananiangalia mimi.

Nakisia mmehamia karibu na hospitali kwa muda, ndiyo maana. Au wino umekwisha. Nakuwekea humu kalamu, iandikie mstari mmoja tu.

Kaka yako


Kambini, 12 Mei

Mdogo wangu,

Magari mawili mengine yamekuja. Sisimami tena karibu na gunia. Nakaa kwenye ghala la mabomba, pana kiti cha ndoo, naona gari linavyoingia na linavyotoka.

Kama kuna lililotokea, sema. Kama ni mimi nimekukosea, sema pia. Hata ukiandika tusi nitalisoma.

Kaka yako


Nyumbani, 22 Mei

Kaka,

Shikamoo. Barua zako zote tatu zilifika, na kalamu pia. Usidhani zilipotea.

Chiriku yu hai. Nimeanza na hilo ili upumue.

Alipelekwa saa tatu asubuhi. Nilikaa kwenye benchi la korido pamoja na mama mmoja na dada zake watatu waliokuja kumsindikiza. Walinigawia chai. Saa sita daktari akatoka, mgongo umelowa jasho. Akasema kizibo hakikukaa. Kila wakikiachia kinateleza, nacho kikichomoka kingekwenda na damu mpaka kwenye pafu, kwa hiyo walikitoa kwa mrija ule ule. Mshipa uko wazi kama siku tuliyoingia.

Kisha ukaja mguu. Wa kulia, walikopitia. Ulipoa. Damu iliganda ndani ya mshipa. Saa kumi daktari alipoufunua ulikuwa mweupe kama karatasi, akabonyeza huku na huku akitafuta mapigo, hakuna. Akaita watu kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Wakamtundikia dawa ya kuyeyusha damu, kila baada ya muda wanakuja kuangalia asije akavuja damu kwingine. Siku mbili. Siku ya pili alasiri vidole vikarudi rangi, kimoja kimoja, na yeye akauliza kwa nini watu wote wanaangalia miguu yake na hakuna anayeangalia uso.

Tuko nyumbani. Akichoka anauburuta kidogo.

Wanataka kurudia Agosti kwa kizibo cha aina nyingine. Wamenipa fomu tena. Ni ile ile. Nimeilaza chini ya kitambaa cha cherehani, na siweki sahihi. Sikuombi unisomee.

Mdogo wako


Kambini, 11 Juni

Mdogo wangu,

Nimejaribu kuanza barua hii kwa salamu, ikanitoka mizaha, nikaichana. Tatu nimezichana. Nakwenda moja kwa moja.

Ukurasa wa pili sikuusoma. Siwezi kuusoma. Lugha ile naijua ya kusalimia na kuagiza misumari, basi. Vile vijitabu vya mitambo ninavyojisifia, huwa naangalia picha. Kila kijitabu kina picha, na picha ya bomba ni bomba popote duniani, mengine natunga huku watu wanaitikia kwa vichwa. Fomu yako nayo ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha. Wa pili ulikuwa maneno matupu. Niliukodolea macho mpaka yakaniuma, nikaona aibu kumpelekea mtu, maana huyo mtu angetoka hapo na kutangaza kambi nzima kwamba Profesa hajui kusoma. Nikakuandikia habari ya risiti.

Baada ya barua yako niliichukua kopi nikaenda zahanati ya hapa kambini. Nesi wetu ni mama mkali, hacheki hata ukianguka. Nikamwambia, "Mama, nisomee hii, sijui kilichoandikwa." Akavua miwani akanitazama. "Wewe? Profesa?" "Sijui, mama," nikarudia. Kulikuwa na watu wawili kwenye foleni nyuma yangu. Wamesikia. Sasa kambi nzima imesikia.

Akanikalisha akasoma mstari kwa mstari, mimi naandika. Nakuandikia kama alivyosema, sijaongeza wala kupunguza, na safari hii ukiona mzaha ujue umekosea kusoma.

Panapoingizwa mrija damu inaweza kuvuja au kuvimbia chini ya ngozi, hilo ndilo la mara nyingi na mara nyingi linapona. Moyo unaweza kupoteza mwendo wake wakati mrija unaugusa, ukapiga ovyo, wakalazimika kuurudisha. Kizibo kinaweza kuhama, wakakifuata kwa mrija, au wakishindwa wakapasua kifua siku hiyo hiyo. Mrija unaweza kutoboa mshipa au ukuta wa moyo. Dawa ya rangi wanayopiga ili waone ndani, au ile ya usingizi, inaweza kumkataa mtoto. Wadudu wanaweza kuingia kwenye damu. Kipande cha damu iliyoganda kinaweza kupanda kichwani kikapoozesha upande. Kuna ile mionzi ya kupigia picha. Na wapo wanaokufa. Nilimwuliza ni wangapi, akasema wachache sana, lakini karatasi haiwezi kuapa kwamba hutakuwa wewe. Akasema kwa watoto wadogo wembamba hatari ya mguu ni kubwa kuliko kwa wakubwa, kwa kuwa mshipa wao ni mwembamba na mrija unaujaza wote.

Nimeuacha mstari wa nne, nao ni huu: mguu ukiwa baridi, au ukibadilika rangi, mwite nesi mara moja, usingoje.

Alipousoma huo nilimwomba aurudie. Akaurudia. Mimi nilikuambia umvishe soksi.

Na lingine nilimalize kabisa. Mhandisi hakupiga magoti. Alinipa siku kumi za Machi, bila hata kunitazama, alikuwa anakula. Nikamwachia Trekta siku hizo. Niliogopa, mdogo wangu. Niliogopa kukaa kwenye benchi hilo nikiwa sina la kusema, na mimi hujawahi kuniona sina la kusema.

Usinijibu ukiwa hutaki. Ila fomu usiniletee mimi tena, wala mtu mwingine wa mabomba. Mfuate daktari mwenyewe, mzuie mlangoni mpaka akae chini.

Kaka yako


Nyumbani, 3 Julai

Kaka,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikaiweka, nikashona kola saba, nikairudia.

Nilikasirika, sikufichi. Nilikutukana peke yangu humu ndani mpaka Chiriku akauliza nazungumza na nani. Nikamwambia na mjomba wako. Akasema, "Mwambie na mimi nipo."

Lakini na mimi kuna nililolificha. Siku ile saa nane mchana niliugusa mguu ukawa baridi. Nikamvisha soksi zile za pamba nilizomshonea, nikamfunika blanketi mpaka kifuani. Nesi akapita, wodi imejaa, anatembea huku anaandika. Akaniuliza, "Mama, mguu vipi?" Nikasema, "Mzuri." Alitaka kufunua. Nikamwambia, "Ndiyo kwanza amepata usingizi, mwache." Akaniamini akaenda. Saa mbili nzima, kaka. Moyoni nilijua kuna kitu. Nilinyamaza kwa kuwa niliogopa kuonekana mama wa vijijini anayeita watu kwa kila kitu, na kwa kuwa kaka yangu fundi alisema ni kawaida. Daktari hakuniuliza nani aliivisha ile soksi, nami sikusema. Mpaka leo sijamwambia mtu ila wewe.

Kwa hiyo usijibebeshe peke yako. Tugawane.

Nimemfuata daktari. Niliandika maswali kumi na manne, moja kwa kila kisanduku, nikakaa mlangoni kwake tangu asubuhi. Alipotoka nikamwambia, "Daktari, leo sitoki hapa mpaka ukae." Akacheka, akakaa. Amejibu yote. Mawili alisema hajui. Hayo mawili ndiyo yaliyonifanya nimwamini.

Anasema tukiuacha mshipa wazi, damu nyingi itaendelea kumwagikia mapafu, nayo mapafu yatakuwa magumu taratibu, na ikifika hapo hata kuziba hakutamsaidia. Mwaka mmoja, miwili, hawezi kuniambia. Safari hii wataingilia mguu wa kushoto, na watatumia mshipa unaorudisha damu moyoni peke yake, wasiguse ule unaoipeleka mguuni. Hatari inapungua, haiishi. Alinirudia hilo mara mbili.

Mguu wa kulia nimeupima kwa utepe wangu wa kushonea. Kwenye shavu la mguu ni mwembamba kuliko mwenzake kwa nusu inchi. Daktari anasema tuupime kila mwezi na pengine damu itajitafutia njia nyingine.

Nimeweka sahihi jana. Nimeiweka mimi, kwa kujua. Ni tarehe kumi na tisa Agosti, Jumanne.

Mdogo wako


Kambini, 6 Agosti

Mdogo wangu,

Barua yako ninayo mfukoni tangu Julai, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Yale ya soksi nimeyasoma. Ningekuwa karibu ningekupokonya hiyo sindano unayojichoma nayo.

Huku siitwi tena Profesa. Wengine wananiita Picha. Nimezoea. Jioni nesi ananifundisha herufi za ile lugha, anapiga meza kwa rula nikikosea, mzee mzima nakaa kama mtoto wa darasa la kwanza.

Sasa sikiliza. Nimeomba likizo. Nimepewa kuanzia tarehe kumi na tano, tukimaliza kupima presha ya bomba kubwa, kabla ya hapo hawaniachii. Gari la vyakula linaondoka tarehe ishirini na moja, nalo litakuwa limechelewa. Lakini Trekta ana kazi ya kusawazisha njia kuanzia hapa mpaka barabara kuu, na amekubali nikae naye juu ya greda. Ni siku nne, kwa mwendo ambao kuku anatupita. Tutafika barabara kuu Jumanne ile ile, kutoka hapo basi la siku nzima. Nimepiga hesabu kila namna na kila namna inanifikisha Jumatano.

Wewe Jumanne utakuwa peke yako. Nimeshindwa kulipamba hilo.

Nikifika nitakaa. Sitaeleza kitu.

Kaka yako


Wodini, 19 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Barua hii sitaiposti, nitakupa mkononi. Naiandika kwa sababu nimekaa na sina wa kuongea naye, na kalamu yako bado ina wino.

Walimchukua saa mbili na nusu. Mpaka mlangoni alikuwa anamhoji yule anayesukuma kitanda, kama ana mke, kama mke wake anajua kupika, kwa nini magurudumu yanalia. Mlango ukafungwa, sauti ikaendelea kidogo kwa ndani, kisha ikakatika. Dawa ya usingizi.

Kuna viti viwili kando ya kitanda. Kimoja nimekalia, kingine nimekiwekea mkoba wangu. Mama wa kitanda cha jirani ana wageni wanne, akaniuliza, "Dada, hapo kuna mtu?" Nikamwambia yupo, yuko njiani. Akauliza anakuja na usafiri gani. Nikamwambia greda. Akadhani namdharau, akageukia upande wake.

Saa tano na nusu daktari ametoka. Kizibo kimekaa. Walikivuta, wakakisukuma, wakangoja, wakapiga picha, kikabaki pale pale. Nilitaka kulia, nikaona nikilia hapa peke yangu watu watadhani mtoto amekufa, nikajikaza.

Sasa ni saa tisa. Amelala chali, mguu umenyooka, hajaruhusiwa kuukunja. Miguu yote miwili iko wazi, blanketi nimelikunja mpaka magotini, mama wa jirani ananitazama kama mchawi. Nesi wa leo ni mdogo wa umri, ana kalamu nyeusi. Amemchora Chiriku alama ya msalaba juu ya kila mguu, mahali mapigo yanaposikika, ili anayekuja baadaye asitafute. Nyumbani nimezoea kuweka alama kama hizo kwenye kitambaa kabla ya kukata.

Muda si mrefu amepita tena, anaandika huku anatembea. "Mama, mguu vipi?"

Kaka, neno "mzuri" lilikuja lenyewe, likafika mdomoni. Miguu naiona, rangi ni nzuri, joto naona lipo. Lakini mikono yangu ilikuwa ya baridi, na mikono ya baridi haijui.

Nikamwambia, "Sijui, dada. Njoo tuushike wote."

Akaacha kuandika. Akaweka kidole chake juu ya alama, akangoja, kisha akachukua kidole changu akakiweka palepale, akakibonyeza chini kidogo kwa chake. Tulikaa hivyo. Chiriku akafumbua jicho moja akasema tunamtekenya.

Unapiga, kaka. Wa kushoto kwa nguvu, wa kulia kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya pili. Nesi ameondoka zamani kwenda vitanda vingine, na mimi kidole sijakitoa. Naandika kwa mkono mmoja.